Mbegu Ambayo Sikuiweka Mfukoni

Majengo, Mpanda
Jumanne alasiri, 1996

Mwanangu Devota,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi hii hii na viazi tumekula sahani moja. Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kununua kanga na sabuni ya safari. Mimi nimebaki hapa kwa fundi Hamisi, nimesingizia goti. Goti halina kitu. Nimebaki ili niandike, kwa sababu kesho unapanda treni kwenda Urambo kwa shangazi yako, na kuna jambo ambalo nikikuacha uondoke bila kulijua sitakuwa na haki ya kuitwa baba.

Jambo lenyewe ni kwa nini hukwenda sekondari. Unadhani sababu unaijua. Huijui. Ninayeijua ni mimi peke yangu, hata mama yako haijui, na nimeificha miaka mitatu.

Fundi amenipa kona ya meza yake ya kukatia nguo na karatasi mbili tatu kutoka daftari lake la vipimo. Anashona huku anapiga mluzi. Ameniuliza, "Barua ya nani tena, na mtoto unaye hapa hapa?" Nikamwambia ni ya shangazi yako. Unaona? Hata barua ya kuungama nimeianza kwa uongo.

Mambo ya kufunga begi, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, ya kuwahi kuamka kuliko shangazi yako, mama yako ameyasema tangu kwetu Mwese mpaka hapa, siku mbili za njia, na anayajua kuliko mimi. Mimi sina maagizo. Mtu aliyeharibu kama nilivyoharibu atamwagiza nani?

Kijijini waliniita Daftari, na wewe ulipokuwa mdogo ulilipenda jina hilo. Ukiulizwa mtoto wa nani, ulijibu "wa Daftari" huku umetoa kifua. Kule kwetu milimani gari ni bahati, na mvua zikikolea hata hiyo bahati haipo, kwa hiyo mwenye baiskeli anayeshusha maharage Mpanda ndiye posta, ndiye duka, ndiye simu. Kila safari, siku moja kabla sijaondoka, watu walikuwa wanaingia uani mmoja mmoja.

"Daftari, betri mbili, redio imekuwa bubu."

"Pita kwa mdogo wangu pale Majengo, umwambie mama kapona, asiuze mbuzi."

"Baba Devota, sindano, ile nene. Ukileta nyembamba utairudisha mwenyewe, tena kwa miguu."

Huyo wa sindano ni jirani yetu Bibi Generoza, na unajua hakuwa anatania.

Kuandika nilikuwa najua, nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima, lakini karatasi niliidharau. Njia yangu ya kukumbuka ilikuwa mbegu. Kila agizo nililipa mbegu yake nikaitia mfuko wa shati: haragwe jekundu la Mzee Kalyalya, punje ya hindi ya Bibi Generoza, mbegu ya boga ya katekista. Kila mtu alikuwa na yake, haibadiliki mwaka hadi mwaka. Njiani nilizipapasa kwa kidole, na kila moja ilinitajia mwenyewe na shida yake. Nikirudi, mtu akishapokea chake, naitoa mbegu yake nawatupia kuku. Kuku wetu wakisikia kengele ya baiskeli walikuja mbio kuwashinda nyie watoto. Mfuko ukiwa mtupu, kazi imekwisha, nakwenda kuoga.

Mara moja tu nilichanganya. Katekista nikampelekea ugoro, na Mzee Kalyalya nikamkabidhi mishumaa ya kanisani. Mzee alisema amekaa na mshumaa mkononi mpaka jua linazama, akijiuliza kama nimesikia kule mjini kwamba anakufa. Tulicheka kijiji kizima. Nafikiri kicheko kile kiliniharibu. Nilidhani nikija kusahau tena, itakuwa ni kusahau kwa namna hiyo, kwa kuchekesha.

Sasa nikuambie kasoro ya njia yangu, ambayo sikuiona mpaka ilipokwisha kunila. Mbegu zilikuwa za mambo ya watu. Mambo yangu mwenyewe sikuwahi kuyapa mbegu hata siku moja. Nilijiambia, la jirani ndilo linaloponyoka, la nyumbani kwako utalisahauje? Nani anahitaji mbegu ili amkumbuke mwanawe?

Ulipomaliza darasa la saba, orodha ya kwanza ilitoka na jina lako halikuwemo. Ulilia siku mbili. Siku ya tatu ukachukua jembe ukaenda kupalilia, na mimi nikasema moyoni, huyu mtoto ana nguvu kuliko babaye. Ilipofika mwezi wa pili, mvua zimekolea, nikashusha maharage ya mwisho kabla njia haijafunga. Nikawa napita mbele ya ofisi ya elimu hapa mjini, karani mmoja akaniita kutoka barazani.

"Wewe si Daftari wa Mwese? Devota ni wako?"

"Ni wangu. Kafanya nini?"

"Kafanya nini! Kachaguliwa. Chaguo la pili, kuna watoto hawakuripoti shule, yeye kaingia. Mwalimu wenu mkuu yuko likizo, na nyie watu wa milimani barua kuwafikia mpaka muujiza. Haya, chukua mwenyewe. Aripoti ndani ya siku kumi na nne, zikipita anapewa mwingine. Na umpe hongera zake."

Nilitoka pale sioni ninapokanyaga. Bahasha niliitia mfuko wa ndani wa koti langu la mjini, nikaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Hapa kwa fundi Hamisi nililala usiku ule na sikumwambia neno. Nilitaka mama yako awe wa kwanza kusikia, na wewe uwe umesimama pale pale, nikuone uso. Nilikuwa napanga nitaanzaje. Ningemwambia fundi, asubuhi angeniuliza, "Umeihifadhi vizuri ile karatasi?" Angewaambia wateja wake, nao wangewaambia watu wa kwetu. Habari ingefika kwenu hata kama mimi ningekufa njiani. Lakini niliibana ili niitoe kwa maringo, nikaimiliki peke yangu, ikapotea pamoja nami.

Mto tunaouvuka kabla ya kuanza kupanda ulikuwa umejaa. Watu wenye akili walikaa kando wakisubiri upungue. Mimi Daftari, ninayesubiriwa, nikavua koti nikalifunga kichwani, nikasukuma baiskeli majini. Katikati gurudumu likateleza juu ya jiwe, na gunia la chumvi likazama. Ilikuwa chumvi ya nyumba saba. Koti lilibaki kavu. Bahasha ilibaki kavu. Kilichoyeyuka ni chumvi, na akili yangu pamoja nayo.

Nilifika nyumbani sina wazo jingine ila chumvi. Koti nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba, betri na sindano nikazigawa, kuku wakala mbegu zao. Siku ile na siku iliyofuata nikazunguka nyumba saba kuomba radhi. Bibi Generoza akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Leo Daftari limelowa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliumia, na kilichoniuma ni jina langu. Wiki nzima nilikuwa nasema na kila mtu juu ya mto, na jiwe, na jinsi ambavyo hata mtu mwingine yeyote angeteleza. Nililipigania jina langu kila baraza, na jina lako limetundikwa nyuma ya mlango.

Ninayokuandikia sasa ndiyo yaliyonifanya nichane karatasi mbili za fundi kabla ya hii.

Siku ya nne tangu karani anipe bahasha tulikuwa shambani, wewe mstari wa pili kutoka kwangu, unapalilia. Ghafla nikahisi kuna kitu. Bila shaka nawe umewahi kuhisi hivyo, kwamba kuna jambo umeliacha mahali na hujui mahali gani. Nikasimama. Ukaniuliza, "Baba, vipi?" Nikapeleka mkono mfukoni kwa mazoea, nikapapasa. Mfuko mtupu. Nikakuambia, "Hakuna kitu, mama." Nikainama tukaendelea.

Siku kumi zilikuwa bado zipo, Devota, na kwa miguu bado tungeweza kushuka. Ulikuwa umesimama mbele yangu na umeniuliza kabisa. Nimeurudia mstari ule wa mahindi mara nyingi kuliko nilivyowahi kuirudia sala yoyote. Kila mara nakufikiria umesimama na jembe, unangoja jibu, na kila mara yule mzee mpumbavu anapapasa mfuko. Ningekuwa sina ile njia yangu ya kukumbuka, labda ningekaa chini nikajitafuta kichwani mpaka nipate. Mfuko ndio ulionihakikishia kwamba hakuna.

Njia ilifunguka mwezi wa sita. Nikavaa koti, nikafunga maharage, nikaondoka. Kwenye mteremko wa kwanza nikaingiza mkono ndani kutafuta kitambaa cha jasho. Vidole vikagusa bahasha. Nilikaa kando ya njia mpaka kivuli kikahama, watu wanapita wananiuliza kama naumwa, nawaambia ndiyo.

Nilikwenda ofisini. Karani alikuwa yule yule.

"Baba, tulisubiri," alisema. "Tukaongeza na siku tatu. Nikajua basi, huyu mzee kakataa kumsomesha binti, anataka mahari. Si ndivyo mlivyo?"

Nilimwacha aamini hivyo. Niliona heri anidhanie baba mbaya kuliko ajue mimi ni baba aliyesahau. Fikiria, nilichagua hivyo, na nilichagua haraka sana. Mwalimu mkuu wenu alikuwa amekwisha kuhamishwa, hakurudi Mwese. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kusema. Nilibaki mimi.

Njia nzima ya kurudi nilifanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimeyapata, mazuri, ya mtu mzima. Nikafika, ukaja kunishikia baiskeli kama ulivyozoea, ukasema kwa sauti ya chini ili mama yako asisikie: "Baba, kanisani wanasema huwa kuna chaguo la pili. Hukusikia lolote mjini?"

Nikasema, "Hakuna. Wenzako walisoma."

Uliipeleka baiskeli ukaiegemeza ukutani, ukafungua mizigo ya watu, ukaipanga. Nilikutazama mgongo. Ningeweza kukuita hapo hapo. Ningeweza kukuita kesho yake, na kesho kutwa, na mwaka uliofuata wakati wa Pasaka ulipokuwa umefurahi kwa gauni lako la kijani. Kusahau kulikokuharibia ni kwa siku kumi na nne tu, na siku hizo naweza hata kuziombea msamaha kwa Mungu, maana sikukusudia. Hii miaka mitatu nilikuwa macho. Kila asubuhi niliamka nikikumbuka vizuri, nikanyamaza.

Na niliyaona yote. Nilikuona ukimpa mama yako madaftari yako ya shule, akafungia karanga za kuuza gulioni. Bibi Generoza alipokuja umsomee barua ya mwanawe kama zamani, ulimwambia, "Bibi, mtafute mwenye akili." Mdogo wako alipokuuliza hesabu ulimwambia kichwa chako ni cha jembe. Ulisema kwa kucheka, na mama yako akacheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Sasa unakwenda kupanga majani ya tumbaku kwa shangazi, na ulipoaga ulisema tumbaku haiulizi cheti. Sentensi hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Usiniombe nikuonyeshe bahasha. Niliificha juu ya dari ya ghala, na nilipoifuata mwaka jana, nikiwa nimejikaza kwamba leo nasema, mchwa walikuwa wamekwisha kuila, imebaki kona yenye muhuri nusu. Nikaona hata Mungu amechoka kunisubiri. Huna ushahidi wowote ila neno langu, na neno langu unaona lilivyo.

Njia ya mbegu niliiacha. Kijijini wanadhani Daftari amezeeka, hapendi tena kubeba maagizo. Siku hizi nikisikia habari ya mtu naisema papo hapo kwa wa kwanza ninayekutana naye, hata kama haimhusu, mpaka mama yako ananiita mropokaji. La kwangu mwenyewe naliandika mkononi kwa kalamu kabla ya la mtu yeyote. Ukiona asubuhi nimenawa mkono mmoja tu, ndiyo sababu. Na ile hisia kwamba kuna kitu, ikinijia, siipapasi tena. Naacha kazi, nakaa, hata ikipita saa nzima. Nakuandikia haya kwa kuwa wewe umerithi kichwa changu. Nimekuona ukiweka kijiti kwenye nywele ili ukumbuke chungu kilicho motoni. Weka kijiti, hakina ubaya. Ila usije ukakiamini kuliko moyo wako unapokushtua. Na furaha ya mtu ikipita mikononi mwako, usiikalie ukitafuta wakati mzuri wa kuitoa. Mpe ikiwa bado ina joto, hata akiwa na matope miguuni.

Ona sasa, nimeanza kukufundisha. Nisamehe kwa hilo, hilo dogo. Lile kubwa sikuombi.

Kweli, sikuombi. Nikikuomba msamaha leo nitakuwa nimekutwisha mzigo siku ya safari, uanze kufikiria umtulize vipi mzee wako, na wewe ulivyo utanituliza. Dawa sina. Umri wa kuanza kidato cha kwanza umekupita, na shule za kulipia tunaziona kwa mbali tu. Fundi Hamisi amewahi kusema, bila kujua anamwambia nani, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia ni kweli, nikaenda kulala bila kula. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa nafasi, usijilazimishe kunihurumia. Barua usiponiletea mwaka mzima nitajua umeisoma hii.

Kesho nitakupa mkononi, mbele ya mama yako, ukiwa umeshakaa dirishani, na nitakuomba usifungue mpaka treni iondoke. Ni woga, najua. Mwanaume kamili angekuambia kwa mdomo, tena nyumbani, tena zamani. Ukiifungua papo hapo ukashuka ukanisema mbele ya watu wote wa stesheni, nitasimama nisikilize mpaka mwisho. Mama yako nitamwambia njiani tukipanda kurudi. Siku mbili za kutembea na mtu ambaye hasemi na wewe, naona zinanistahili.

Nawasikia mlangoni kwa fundi, mama yako anabishana na wewe kuhusu rangi ya kanga. Nimalize.

Huko Urambo watakuuliza. Watu wakikaa kupanga tumbaku mikono inafanya kazi na midomo inaulizana: umesoma mpaka wapi, mbona hukuendelea. Hata juzi njiani yule mama tuliyepumzika kwake alikuuliza, nawe ukajibu, "Nilifeli, mama, kichwa changu kizito," na mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Usijibu hivyo tena. Huko hakuna anayenijua, huna sababu ya kunisitiri. Wakikuuliza, waambie ulifaulu, na baba yako akasahau kukuambia.

Baba yako